Sahani za Santuri: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kuwapigia Rafiki Zako

Wapenzi wa muziki wana desturi moja ambayo yaonekana Nairobi na Mombasa, na vile vile London na New York. Mtu akisha kununua sahani ya santuri, iwe mpya kutoka kiwandani au ya kale iliyo mpya kwake, hawezi kukaa nayo peke yake. Huwaita wenziwe, au huipeleka palipo na gramafoni nzuri, na kila mmoja huleta zile alizozipata tangu walipoonana mara ya mwisho. Kwanza sahani hupita mkono kwa mkono. Huulizwa imetoka duka gani, imegharimu shilingi ngapi, na imeandikwa nini katikati. Kisha ndipo huwekwa na kupigwa, na watu wakanyamaza.

Mtu asiyeijua desturi hii aweza kudhani kwamba hao wanashindana kwa mali. Pengine wamo washindanao, maana wanadamu hawakosi hayo. Lakini iko kazi nyingine inayofanyika pale, nayo ni kuitambua sahani: ni nani aimbaye, nani aliyetunga, ilirekodiwa wapi na mwaka gani, na je, iko nyingine kama hiyo? Katika Afrika ya Mashariki kazi hii ina uzito wa pekee. Nyimbo nyingi zilizorekodiwa hapa kabla ya miaka ya 1980 hazipatikani tena popote ila juu ya sahani zilizonunuliwa na watu wa kawaida, zikapigwa katika sebule na hoteli za chai. Kanda za asili, yaani zile zilizotumiwa kufanyizia sahani hizo, nyingi zimepotea au kuharibika kampuni zilipofungwa au kuuzwa. Basi mtu akitoa mfukoni sahani moja ya inchi 7 aliyoinunua kwa bei ya sahani ya wali, yamkini ameshika sauti ambayo haiwezi kupatikana mahali pengine.

Kwa sababu hiyo yafaa kila mnunuzi ajue alichonunua, namna ya kukisoma, na namna ya kukitunza.

Sahani nzito na sahani nyepesi

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alifanya mashine iliyoweza kuandika mtikisiko huo juu ya mwanzi wa duara na kuurudisha tena usikike. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner, mtu wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alipata haki ya uvumbuzi wake wa kuandika sauti juu ya sahani bapa. Sahani bapa ilishinda kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba yaweza kufyatuliwa kwa wingi kama matofali. Hutengenezwa kalibu ya chuma yenye alama za sauti, na kila kalibu ikibanwa juu ya donge la moto, hutoka sahani nyingine iliyo sawasawa na ya kwanza.

Watu wengi hudhani kwamba juu ya sahani mna mifereji mingi. Sivyo. Kila upande una mfereji mmoja tu, mwembamba kama unywele, unaoanzia ukingoni na kuzunguka hadi karibu na katikati, kama vile ukili unavyozungushwa na kushonwa kuwa kawa. Tuuite mfuo. Kama ungaliweza kunyooshwa, mfuo wa upande mmoja wa sahani kubwa ya inchi 12 ungalifika karibu nusu ya kilomita. Kuta za mfuo huo hazikunyoka, zina mawimbi madogo. Sindano ipitapo hutikiswa na mawimbi hayo, na mtikisiko wake ndio sauti tuisikiayo.

Sahani za kwanza zilikuwa nzito, zenye kuvunjika kama kigae, na zilizunguka mara 78 kwa dakika. Msomaji huenda akashangaa kusikia kwamba anaijua vema asili yake, ijapokuwa hajapata kuishika sahani ya namna hiyo. Ni lakiri, ile ile iliyokuwa ikiyeyushwa na kupigwa mhuri juu ya barua na vifurushi vya posta. Lakiri yatokana na utomvu wa wadudu wadogo sana wanaokaa juu ya matawi ya miti huko Bara Hindi na Thailand. Watu hukwangua utomvu huo matawini, wakausafisha, na wenye viwanda vya santuri waliuchanganya na unga wa mawe na masizi meusi. Unga wa mawe ndio ulioifanya sahani iwe ngumu hata kustahimili sindano ya chuma. Basi nyimbo za Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu zilizoimbwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, karibu zote zilikaa juu ya utomvu wa mdudu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili lakiri ilikuwa adimu, na katika Marekani na Uingereza watu waliombwa kurudisha sahani zao za zamani zisagwe na kufyatuliwa upya. Haijulikani ni nyimbo ngapi zilizoangamia katika mashine hizo.

Sahani ya inchi 10 ya namna hiyo ilichukua kadiri ya dakika tatu kila upande. Hii ndiyo sababu nyimbo za kale ni fupi. Mwimbaji aliyezoea kuimba usiku kucha arusini alilazimika kuukata wimbo wake ili uishe kabla sindano haijafika katikati.

Baada ya vita ikaja plastiki iitwayo vinaili. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ya vinaili ya inchi 12, iliyozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, iwezayo kuchukua zaidi ya dakika 20 kila upande. Hiyo ndiyo watu waiitayo LP. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ikatoa sahani ndogo ya inchi 7 ya kuzunguka mara 45. Hapa kwetu sahani za lakiri hazikutoweka upesi. Ziliendelea kununuliwa hadi miaka ya 1960, kwa kuwa gramafoni ya kutiwa ufunguo haikuhitaji umeme, na umeme haukuwako vijijini.

Ni lazima mnunuzi azijue namna hizi mbili, maana dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Sahani ya lakiri ni nzito, na ukiigonga kidogo kwa kucha hulia kama sahani ya udongo. Ya vinaili ni nyepesi na hupindika kidogo. Gramafoni ya zamani yenye sindano ya chuma haifai kabisa kupigia vinaili. Kwa mara moja tu itauchimbua mfuo, wala hauponi tena. Nayo sindano ya kisasa ya LP haifai kwa lakiri, kwa sababu mfuo wa lakiri ni mpana zaidi, na sindano yake yapasa kuwa pana kadiri ya mara tatu. Sindano ndogo ikiwekwa humo hutambaa chini kabisa ya mfuo, palipojaa vumbi, na sauti huwa ya kukoroma. Tena zile sindano za chuma zilifanywa zipige upande mmoja tu na kutupwa. Ni watu wachache waliofuata amri hiyo, na ndiyo maana sahani nyingi za wazee wetu zina rangi ya kijivu mahali palipokuwa peusi.

Kuisoma karatasi ya katikati

Katika mikutano ya wapenzi wa santuri, jambo la kwanza kusomwa ni ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati. Mjuzi huisoma kama karani asomavyo hati ya shamba.

Kwanza kuna chapa ya kampuni. Mbwa anayesikiliza gramafoni ni alama ya HMV, iliyotokana na picha ya mchoraji Francis Barraud wa Uingereza. Chini ya alama hiyo ndipo sauti ya mwanamke wa Afrika ya Mashariki ilipoandikwa kwa mara ya kwanza katika sahani. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, aliyezaliwa Fumba, alisafiri na wenziwe hadi Bombay wakarekodi huko nyimbo nyingi kwa Kiswahili. Kabla yake taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Sahani zake ziliporudi Unguja na kusambaa pwani, wasiokuwa na gramafoni walikwenda kuzisikiliza katika mikahawa, na humo nyimbo zikajadiliwa neno kwa neno. Wimbo wake mmoja, Kijiti, wasimulia mauaji ya mwanamke mgeni mjini Unguja, na jinsi muuaji alivyotorokea bara. Basi kukusanyika ili kusikia sahani mpya ya mtu mwingine si jambo lililotoka Ulaya juzi. Ni desturi ya pwani iliyokaribia miaka mia moja. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika kitabu cha maisha yake. Lakini sauti yenyewe haimo kitabuni. Imo katika zile sahani za lakiri zilizosalia.

Baada ya vita chapa za hapa hapa zikaongezeka. Nairobi ilitoa Jambo. Mombasa ilikuwa na Mzuri, chapa ya duka la Assanand, iliyowarekodi waimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo. Katika miaka ya 1960 Nairobi ilikuwa na Equator, kampuni ya Charles Worrod, ambako walipiga akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Mtu akizijua chapa hizi aweza kuitambua sahani hata kabla ya kusoma jina la mwimbaji, na aweza kukisia mji na miaka yake.

Pili, karatasi hutaja lugha. Wafanya biashara waliandika Kiswahili, Kijaluo, Kikuyu, Luganda na kadhalika, ili mwenye duka ajue ampe mteja gani. Kwetu sisi leo neno hilo ni ushahidi mkubwa, maana mara nyingi jina la wimbo limeandikwa kwa makosa ya tahajia na mtu asiyejua lugha hiyo, hata halisomeki.

Tatu, na hapa pana jambo la haki, lipo jina la mtunzi, mara nyingi katika mabano chini ya jina la wimbo. Wasikilizaji wengi hulipita bila kulitazama. Walakini jina hilo dogo ndilo huamua ni nani alipwe wimbo ukipigwa au ukirekodiwa tena. Uutazame wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba, na mwaka 1981 na kikundi cha Boney M huko Ulaya, na wengine wengi. Zipo sahani za wimbo huo zenye jina la Fadhili William, na zipo zilizochapwa kana kwamba ni wimbo wa jadi usio na mwenyewe. Tena Adam Salim alidai kwamba ndiye aliyeutunga tangu mwanzo, na ubishi huo haukupata kumalizika. Kadhalika mwaka 1968 kikundi cha The Tremeloes cha Uingereza kiliurekodi wimbo wa Daudi Kabaka, Helule Helule, ukapendwa sana huko. Rafiki yako akileta mojawapo ya sahani hizi, usikimbilie kucheza. Geuza, usome jina lililo katika mabano, ulinganishe na sahani ya mwingine.

Mwisho kuna nambari. Nyingine imechapwa juu ya karatasi, na nyingine imekwaruzwa kwa mkono katika sehemu laini iliyo kati ya mfuo na karatasi. Hiyo ya kukwaruzwa ndiyo nambari ya kalibu. Karatasi yaweza kubandikwa kimakosa, na kweli hutokea kwamba karatasi za pande mbili zimebadilishana mahali. Lakini nambari ya kalibu ilitiwa kiwandani katika chuma chenyewe. Watu wawili wenye sahani mbili za wimbo mmoja, wakilinganisha nambari hizo, waweza kujua kama ni rekodi moja au ni mara mbili mwimbaji alipoimba.

Neno kidogo juu ya sahani za inchi 7 za miaka ya 1960 na 1970. Nyingi zimegawanya wimbo mmoja katika sehemu ya 1 na sehemu ya 2. Upande wa kwanza una maneno; upande wa pili magitaa huchangamka na waimbaji huwaachia nafasi. Katika benga na rumba ya hapa kwetu, upande wa pili aghalabu ndio uliowafanya watu wainuke vitini. Nimeona watu wakiipiga sehemu ya 1, wakatikisa kichwa kwa heshima, wakairudisha sahani mfukoni. Hao wameununua mkate wakala ganda.

Sahani za wageni

Si vema kudharau sahani ya ng'ambo iliyoletwa na mwenzako, kwa maana muziki wetu wa magitaa una deni kwa sahani zilizovuka bahari. Kuanzia mwaka 1933 HMV ilituma Afrika sahani za muziki wa Cuba, zenye herufi GV mbele ya nambari yake. Zilipigwa sana katika Kongo, na vijana waliozisikiliza wakaufanya muziki huo kuwa wao. Baadaye rumba hiyo ikaja Kenya, Uganda na Tanganyika kwa sahani na kwa redio.

Kisa kingine ni cha ajabu zaidi. Jimmie Rodgers alikuwa mwimbaji wa gitaa wa Marekani, aliyekufa mwaka 1933 bila kufika Afrika. Sahani zake zilifika katika nchi ya Wakipsigis, na jina lake likatamkwa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka akikusanya nyimbo za Afrika, aliwarekodi huko wasichana wakimwimbia Chemirocha kama kiumbe ambaye nusu yake ni mtu na nusu ni mnyama wa pembe. Rekodi hiyo ikahifadhiwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 ikapita kabla watu wa maktaba hiyo na wa Kenya hawajaileta nyumbani kwa wenyewe, wakawakuta baadhi ya walioshiriki wangali hai. Wazee wakasikia sauti zao za ujana. Hilo liliwezekana kwa kuwa mtu mmoja aliitunza rekodi, na mwingine akajali kuuliza ni ya nani.

Ununuapo

Siku hizi biashara ya sahani imefufuka. Katika Marekani, mwaka 2022, ziliuzwa LP nyingi kuliko sidii, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1987. Bei nazo zimepanda, na wauzaji wa sahani za kale wamejifunza kusifu. Basi usinunue kwa masikio ya muuzaji.

Itoe sahani katika mfuko wake, uishike ukingoni kwa viganja bila kugusa mfuo, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha na kuiinamisha huku na huku. Mkwaruzo unaoonekana tu huenda usisikike. Mkwaruzo ambao ukucha unaukwama utasikika kila mzunguko, na huenda sindano ikaruka. Kisha itazame kwa ukingo, kama fundi seremala atazamavyo ubao, uone kama imepinda. Halafu chunguza karibu na tundu. Ukiona mistari mingi midogo juu ya karatasi kulizunguka tundu, ujue imewekwa na kutolewa mara nyingi na mikono yenye haraka. Sahani ing'aayo yenye mistari mingi namna hiyo huenda imepakwa kitu ili kuuzwa.

Kama muuzaji ana gramafoni, mwombe aipige mwisho wa upande, karibu na katikati, maana huko ndiko uchakavu husikika kwanza. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Watu huuliza kama ni afadhali kununua sahani ya asili au ile iliyofyatuliwa upya. Kwa mtu apendaye kusikiliza tu, ya kufyatuliwa upya yaweza kuwa bora: haina mikwaruzo, bei yake yajulikana, na zile nzuri zina maelezo ya waimbaji. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyo uitwao Kenya Special, wenye nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 ambazo wengi walikuwa wamekwisha kuzisahau. Lakini nyimbo zilizofyatuliwa upya ni chache mno zikilinganishwa na zilizotoka. Zilizobaki zimo katika masanduku chini ya vitanda.

Kuitunza

Adui wa sahani ni jua, vumbi na mikono. Vinaili huanza kupinda katika joto la motokaa iliyofungwa madirisha na kuachwa juani, na kazi hiyo Mombasa haichukui mchana mzima. Zisimamishe wima kama vitabu. Usizipange moja juu ya nyingine, hasa za lakiri, maana iliyo chini huvunjika. Mfuko wa karatasi ukiliwa na mende au mchwa, ubadili, lakini usiutupe kama una maandishi au muhuri wa duka, kwa sababu nao husema sahani ilipita wapi.

Ikichafuka, ioshe kwa maji safi yaliyotiwa sabuni kidogo sana, kwa kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mfuo wala si kuukata, na ukilinda karatasi ya katikati isilowe. Isuuze, uikaushe kivulini. Jambo moja lisahauliwe na mtu yeyote asiyetaka hasara: usiisafishe sahani ya lakiri kwa spiriti. Vinaili hustahimili, lakini spiriti huiyeyusha lakiri. Mtu aliyeambiwa na rafiki yake mwenye LP kwamba spiriti husafisha vizuri, akaijaribu juu ya sahani ya babu yake ya mwaka 1930, ataona weusi umehamia kitambaani, na wimbo pamoja nao.

Sahani ziendazo mbali

Wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani wanazitafuta sahani zetu, na wako walio tayari kulipa kwa sahani moja fedha ambazo mwenye nayo hakutazamia. Si kosa kuuza mali yako. Wako pia wakusanyaji wa ng'ambo waliohifadhi na kutangaza nyimbo ambazo sisi wenyewe tulizitupa. Lakini kabla ya kuiuza sahani, jambo la busara ni kuirekodi katika kompyuta kwa gramafoni nzuri, na kuzipiga picha karatasi zake za pande mbili zionyeshe maandishi na nambari. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Ikisha kupanda ndege bila nakala, mjukuu wa mwimbaji atausikia wimbo wa babu yake pale tu mgeni apendapo.

Jambo hili lahusu hasa sahani za wapiga muziki wa Tanzania zilizofyatuliwa Nairobi. Huko Dar es Salaam redio iliwarekodi wanamuziki wengi katika kanda, lakini waliotaka sahani iliwabidi kutegemea viwanda vya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa, njia hiyo ikawa nyembamba. Kisha kaseti zikaenea, na biashara ya sahani ikaanguka pande zote mbili. Kwa hiyo sahani nyingi za bendi za Tanzania ziko Kenya, mikononi mwa watu wasiojua habari za bendi hizo, na wenye kuzijua habari hizo wako Tanzania bila sahani. Mkutano mmoja wa watu wa pande hizo mbili, kila mmoja na alichokinunua, waweza kutambua mambo ambayo vitabu havikuandika.

Nakala hiyo ni ya kusikiliza na kuhifadhi, wala si ya kuuza mitaani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huulinda utunzi wa wimbo muda wote wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Watunzi wengi wa miaka ya 1960 walikufa maskini huku nyimbo zao zikichezwa katika kila arusi, na wajane na watoto wao wako.

Na kama aliyealikwa ataleta sahani ya lakiri iliyopasuka, wenziwe wasimcheke wala yeye asiitupe. Isigundishwe kwa gundi. Vipande vyote, hata vidogo, vifungwe kila kimoja katika karatasi yake laini na kuwekwa ndani ya sanduku gumu, pamoja na maandishi ya mahali ilikopatikana. Mafundi wa hifadhi za sauti huweza kuviunganisha tena juu ya gramafoni, ufa kwa ufa, wakapitisha sindano mara moja tu, na mara hiyo moja yatosha kuirekodi.